Ua wa Luisa Uliochanua

Luisa Bernardino alivuka Ruvuma na mimba tumboni, sufuria kichwani na kuku kwapani, na viboko walimpisha. Anayebisha hamjui Luisa. Kiboko mkubwa kuliko wote, yule mwenye makovu mgongoni, alitoa kichwa, akamtazama usoni, akazama mwenyewe bila kufukuzwa. Mumewe Mauricio alikuwa nyuma anapiga kasia huku anasali rozari. Walipofika upande huu hawakuwa na pa kuchomeka hata kijiti kimoja cha muhogo.

Kijijini kwetu, hapa kati ya mdomo wa mto na njia ya kupanda Nanyamba, mgeni hanyimwi pa kulima. Huazimwa. Aliyewaazima ni Fikirini. Alikuwa na kipande mteremkoni, zamani shamba la mikorosho la baba yake, mikorosho ikazeeka ikaishia kuwa kuni. Kilichobaki ni mchanga. Na si mchanga tu. Miaka yote ile watu walipuliza salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ukungu kwenye mikorosho, unga ukianguka chini, mvua ikiuzamisha, mpaka udongo ukachacha kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Nyungunyungu akifika mpakani alikuwa anazunguka, hapiti. Mihogo yake ilitoka myembamba, ukishamaliza kuimenya unabaki umeshika ganda, unajiuliza muhogo wenyewe umekwenda wapi.

"Limeni mtakacho," Fikirini aliwaambia mbele ya watu. "Mihogo, kunde, njugu. Mti, hapana."

Hilo la mti hata asingelisema. Kila mtu wa huku analijua. Kwenye ardhi ya kuazima hupandi mti. Mihogo huingia ikatoka, lakini mti ukisimama ukachanua, aliyeupanda ana neno juu ya ardhi ile, na wanawe wana neno, na wajukuu wake wanakuja na kelele. Baba yake Fikirini alipoteza shamba zima la bondeni kwa namna hiyo hiyo. Alimwazima mtu, mtu akapanda mikorosho michache, ati ya kivuli. Leo korosho za pale zinaokotwa na wajukuu wa yule mtu, na Fikirini akipita njia ile huangalia upande wa pili kama mtu anayepita mbele ya mdai wake wa posa. Kwa hiyo tusimwone mbaya. Aliumwa na nyoka, anaogopa kamba.

Mauricio akafa kwa homa, Telma, ile mimba iliyovuka mto, akakua akaenda kupika chakula cha wapakuzi wa mizigo karibu na bandari ya Mtwara, Luisa akabaki peke yake na mchanga wake. Miaka yote hiyo watu walimwita "yule mama wa ng'ambo." Hawakumtukana, ila ndivyo walivyomwita. Akiteka maji kisimani, wanampisha vizuri sana, wanavyompisha mgeni.

Halafu akaja Meneja.

Meneja ni ng'ombe. Kikundi cha akina mama kilipata ng'ombe wa maziwa wa kupeana kwa zamu: unamlea, akizaa ndama jike unamkabidhi mwenzako, na hapo mama mtu anakuwa wako moja kwa moja. Lakini akikukondea mikononi kabla hajazaa, anahama. Kanuni hiyo aliitunza Mwanahawa, kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ambayo akiita mbuzi wake, wa Msumbiji nao wanageuka. Luisa alipopewa yule ng'ombe, ng'ombe alikuwa ameshazaa dume kwa mlezi wa kwanza, na dume hahesabiwi, zamu ikahama; ndama huyo alikuwa anamaliza kunyonya, na maziwa bado yanatoka. Tukamwita Meneja kwa sababu hakuwa anafanya kazi yoyote, ila asubuhi mpaka jioni anataka kuhudumiwa.

Kikombe cha maziwa kikaingia chai ya nyumba hii, na ya nyumba ile, na Luisa akaacha kuwa wa ng'ambo. Akawa Mama Telma. Tabu, mke wa Fikirini, ndiye aliyeanza. "Mama Telma, uniwekee ya mjukuu." Mie nilikuwepo, nikamwona Luisa anavyogeuka kutafuta ni nani aliyeitwa.

Sasa elewa kilichokuwa hatarini. Ng'ombe yule hakuwa maziwa tu. Akiondoka, Luisa anarudi kuwa mwanamke mmoja mwenye mchanga wa kuazimwa, na kule ng'ambo kwa ndugu zake watu walikuwa wanakimbia vita kuja huku na magodoro vichwani. Hakuwa na pa kurudi.

Na mchanga ule haukuota nyasi za kumtosha hata sungura. Masika Luisa alikwenda bondeni kukata majani, sawa. Kiangazi bonde lenyewe likikauka, Meneja alikula mabua, akala majani makavu ya mpunga, akala kanga ya Luisa iliyoanikwa, yenye maneno ya mapenzi, akaimaliza mpaka pindo. Maziwa yakapungua.

Bwana mifugo wetu, kijana mmoja anaitwa Elton, akasema dawa ni miti ya malisho. Miti ya majani ya kulisha, mizizi inakwenda chini, kiangazi bado ni mibichi. Akaleta mbegu za lukina. Zikaota vizuri, zikafika urefu wa kidole, zikageuka njano, zikasimama pale pale kama watoto waliogoma kwenda shule. Elton akachota udongo, akaupima na kidude chake, akatikisa kichwa.

"Mama, udongo huu una asidi kali. Lukina haiupendi."

"Hata mie siupendi," Luisa akasema. "Lakini ndio niliopewa."

Msimu uliofuata Elton akaja na fito za mti mwingine, glirisidia. Sisi ulimi haukufika mwisho wa jina, tukashukia njiani tukauita mgiri. Huo, alisema, huvumilia udongo mchachu, mradi usaidiwe mwanzoni. Luisa akausaidia kwelikweli. Kila shimo akatia samadi ya Meneja na majivu ya jikoni, na akaenda mpaka Mikindani kununua chokaa ya matumbawe, ile ya kuchoma tanurini, akairudisha kidogo kidogo. Watu wakasema Luisa anamjengea ng'ombe nyumba ya mawe.

Fikirini akaja kuangalia. Aliona fito kavu zimechomekwa kuzunguka shamba, na mistari mingine mitatu katikati ya mihogo kukata mteremko.

"Nini hizi?"

"Ua," Luisa akasema.

"Na hizi za katikati?"

"Ua wa ndani."

Fikirini akatikisa fito moja. Kavu kama mkongojo wangu. Akaondoka. Hakukuwa na sheria inayomkataza mtu kuchomeka vijiti.

Mvua ikanyesha, vijiti vikatoa macho, macho yakatoa majani. Fikirini akapita tena, akaona, akanyamaza. Ua ukichipua si ajabu huku, unazuia upepo. Mwisho wa mvua za pili Elton akamwonyesha Luisa kukata vilele, akasema mti uliokatwa wakati ule haumwagi majani kiangazi. Luisa akakata yote, isipokuwa mmoja wa pembeni, juu kabisa. Elton alipomuuliza, alisema ule auache. Kwao, uani kwa mama yake, ulikuwepo mti wa namna ile, na alitaka kuona kama ndio wenyewe.

Kiangazi kile kilikuja na kisirani. Mwezi wa nane bonde lilikuwa limeshakauka, na Meneja alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Luisa akasema, sawa, sasa miti yangu ifanye kazi. Akakata majani ya mgiri alfajiri, na umande wake, akayanyunyizia maji yasinyauke, akampelekea.

Meneja akanusa. Akageuza kichwa akaangalia ukuta.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa akapiga beseni teke.

Elton alikuwa amemwambia wazi: mama, majani haya mabichi yana harufu, yaache juani yanyauke ndipo umpe. Luisa alisikia. Lakini sisi hapa mgeni hapewi kiporo, na mnyama wa kulelewa ni mgeni. Utampa aliyekuja kukuokoa majani yaliyolala? Luisa aliona ni dharau, na kila ng'ombe alivyokataa, yeye akazidi kuyafanya mabichi zaidi. Akayafunika kwa jani la mgomba. Akayalaza mtungini. Harufu ikazidi, mpaka wapita njia wakawa wanauliza nani amefariki.

Na maneno yakaanza. Mtu mmoja kutoka Nanyamba alisema kwao mti ule unatumika kuua panya. Basi jioni ile ile kijiji kizima kilikuwa kinajua kuwa Luisa anampa ng'ombe sumu ya panya. Tabu hakuja kuchukua maziwa. Wala sikumlaumu, hata yangu niliyaangalia mara mbili kabla ya kuyanywa.

Meneja alikonda. Alikonda mpaka kivuli chake kikawa kinene kuliko yeye. Mbavu ulizihesabu ukiwa barabarani. Asubuhi moja aliinama magoti ya mbele, akalala, akakataa kuinuka. Mwanahawa akaletewa habari, akaja na kusimama mlangoni mwa banda, kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya chini.

"Dada Luisa. Unaona mwenyewe."

"Naona."

"Ana mimba. Akifia hapa, tumepoteza wawili, na wenzako waliokaa foleni watanila nyama mie."

"Nipe muda kidogo."

"Nikupe nini? Huyu hana kidogo." Mwanahawa akamshika ng'ombe sikio, likalegea mkononi mwake. "Kesho nakuja na watu na kamba. Kule mtoni kwa Mwanakombo, anayefuata kwenye foleni, kuna majani. Usinichukie."

"Sikuchukii," Luisa akasema. Akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti, mikono mapajani. Nilipita kumsalimia, akaitikia kama mtu anayeitikia kutoka kisimani.

Na siku hiyo hiyo, kana kwamba haijatosha, ule mgiri wa pembeni ukachanua.

Yalikuwa maua ya waridi, mengi, mashada kwa mashada, kwenye mti usio na jani hata moja, juu ya mteremko ambapo hakuna kingine kilichokuwa na rangi. Ulionekana tangu barabarani. Fikirini alikuwa anatoka kwenye mikorosho yake mingine, na salfa bado imo kwenye nyusi, akauona. Akasimama pale muda mrefu. Mie nilimwona amesimama, nikajua kitu kinakuja, kwa sababu Fikirini hatazami maua.

Akarudi na panga.

Hakupiga hodi. Luisa alisikia tu, chwaa, chwaa, akatoka mbio. Fikirini alikuwa ameanzia mstari wa chini anapanda. Alikuwa na kiuno kibovu, kilichoharibiwa na kubeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni, hakuweza kuinama. Basi alikuwa anakata amesimama, pale panga linapofika lenyewe, usawa wa kiuno. Matawi yakalala chini mistari mizima.

"Mzee Fikirini," Luisa akasema. "Mzee Fikirini, subiri."

"Nisubiri nini? Izae?"

"Ni majani tu. Ya ng'ombe."

"Majani hayachanui." Chwaa. "Uliniambia ua. Nikanyamaza. Uliniambia ua wa ndani, ua gani wa ndani, nyumba ya sultani hii? Nikanyamaza." Chwaa. "Mauricio nilimzika kwa mikono yangu. Nilikosa nini kwenu?"

Luisa akasimama mbele ya mti uliofuata. Panga lilikuwa limeshapanda juu. Sisi tuliokuwa njiani tukasogea kuona.

"Ondoka, Mama Telma."

"Utanikata?"

"Ondoka, nisije nikafanya nisilolijua."

Mwishowe ni Tabu aliyekuja kumvuta Luisa kando, kwa kiwiko, bila kusema neno, na bila kumtazama mumewe. Fikirini akamaliza mistari yote na ua wote wa kuzunguka. Mti mmoja tu aliuacha: ule wenye maua.

"Huo mwenyekiti auone kwa macho yake," akasema. "Na haya yaliyolala chini, asiguse mtu. Ni ushahidi. Mwenyekiti akishaona, kesho naleta jembe natoa visiki. Halafu, Mama Telma, utafute pengine pa kulima."

Mohamedi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa mazikoni Mikindani, angerudi kesho. Kwa hiyo majani yakalala pale pale. Jua la mwezi wa nane unalijua: ukianika samaki, unaokota akiwa ameshakaangwa. Majani yakalala juani mchana kutwa, na asubuhi ya pili yakalala tena. Luisa hakuyagusa. Aliambiwa asiguse. Alikuwa amebakiza vitu viwili, ng'ombe na heshima, na vyote vilikuwa vinakuja kuchukuliwa siku moja.

Jua lilipopanda kidogo akaja Mwanahawa na vijana wanne na kamba. Wakapitisha gogo chini ya tumbo la Meneja, wakahesabu, wakanyanyua. Akasimama, miguu inacheza kama ya meza mbovu. Luisa akamfunga kamba mwenyewe, asije akafungwa na mtu asiyemjua. Akatembea naye ubavuni, mkono shingoni.

Njia ya kushukia mtoni inapita katikati ya shamba lile. Hakuna nyingine. Na katikati ya shamba, kwenye mistari ya ua wa ndani, alikuwepo Fikirini na jembe lake begani, na Mohamedi na suruali yake ya mazikoni, na Tabu, na sisi wengine ambao hatukuitwa.

"Basi mwenyekiti," Fikirini alikuwa anasema, "tazama mwenyewe. Maua yale pale. Na ushahidi mwingine uko chini."

"Uko wapi?"

"Hapo, kwenye mistari yote."

Meneja alisimama. Vijana wakavuta kamba. Hakwenda. Aliinamisha kichwa, pua ikafika chini. Majani yale yaliponyauka harufu yake iligeuka, ile ya mazikoni ilikwenda, ikabaki harufu tamu kidogo kama nyasi zilizokatwa na kuachwa juani. Hata mie niliinusa. Meneja akapuliza, vumbi likaruka. Akatoa ulimi. Akavuta tawi moja.

Ilisikika sauti ya meno.

Akavuta la pili.

"Mwanahawa," Luisa akasema kwa sauti ndogo, "waambie waache kamba."

"Waacheni," Mwanahawa akasema.

Kamba ikaanguka. Yule ng'ombe aliyenyanyuliwa kwa gogo alitembea mwenyewe mpaka rundo la pili. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Alikula matawi, akala maganda, nakwambia alimla hata panzi aliyekuwa hajajiandaa.

"Fikirini," Mohamedi akasema, "ushahidi wako unatafunwa."

Vijana wakacheka. Fikirini hakucheka. Alishusha jembe begani, akalisimamisha chini, na pale kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu alikumbuka jembe limeletwa kwa ajili gani.

"Ale," Fikirini akasema. "Ale ashibe, sina ugomvi na ng'ombe. Lakini visiki natoa leo. Mwenyekiti, unaijua habari ya baba yangu. Nao walisema ni ya kivuli tu. Mie nikifa kesho, Telma atakuja hapa na watoto wake aseme miti hii aliipanda mama. Nani atabisha? Nyie?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Nyie mtakuwa mnakunywa chai yake."

Mohamedi akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilishonwa humo. "Mti ni mti," akasema polepole. "Mama Telma, hilo siwezi kulipinda. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi una la kusema?"

Luisa aliangalia ng'ombe. Aliangalia visiki, vyote usawa wa kiuno, utomvu bado unang'aa. Halafu akamwendea Fikirini, karibu kabisa, na Tabu akasogea naye maana hakujua kitatokea nini.

"Jana nani alikata miti hii?" Luisa akamuuliza.

"Si uliniona? Mie."

"Watu waliona?"

"Waliona wote."

"Mwenyekiti, huku kwenu, anayekata mti mbele za watu, na mwenzake akasimama akamwangalia, mti huwa wa nani?"

Mohamedi akarudisha kofia kichwani. "Wa aliyekata. Mti wa mtu mwingine hukati."

"Basi ni yake," Luisa akasema. "Yote. Nasema mbele yenu, na Telma nitamwambia leo kwa simu mbele yenu. Mie sina mti hapa. Na ikichipua tena, asiikate mtu mwingine, aje aikate mwenyewe, hapo hapo alipokata jana, kila itakapopita kiuno chake. Isichanue, isizae, isiwe mti. Aje na panga lake, watu wamwone. Mie naomba kinachoanguka chini tu."

Ungemwona Fikirini anavyotafuta kitanzi ndani ya neno, analigeuza, anaangalia chini yake. Meneja alishafika rundo la tatu.

"Na ule?" akasema mwishowe. Alionyesha kwa kidevu mti wenye maua.

Luisa hakugeuka kuutazama. "Si nimesema yote."

Fikirini akaacha jembe, akachukua panga alilokuwa nalo Tabu, akapanda juu. Mapigo yalikuwa matatu, maana ule Luisa alikuwa ameuacha unenepe. Maua yakashuka na vumbi. Luisa alikuwa amesimama nasi, midomo imebana, anaangalia mto. Mie peke yangu nilimsikia aliposema, si kwa kumwambia mtu, "Ulikuwa ndio wenyewe."

Mwanahawa akakunja kamba. "Mwanakombo nitamwambia asubiri," akasema. "Lakini nitapita kila Ijumaa kuangalia mbavu."

Alipita, na kila Ijumaa mbavu zilikuwa zimejificha kidogo zaidi. Luisa akajifunza kuyaacha majani yalale, japokuwa mwanzoni alikuwa akimwomba Meneja radhi kabla ya kumpa. Visiki vilichipua. Palipokuwa na tawi moja yalitoka manne, na mvua zilipofika mistari ile ilikuwa minene, ukitupa kofia haianguki chini. Hata muhogo wa pembeni yake ukaanza kuwa na kitu ndani ya ganda. Meneja akazaa jike. Ndama akaenda kwa Mwanakombo kwa vigelegele, na mama mtu akabaki bandani kwa Luisa, wake moja kwa moja, na Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyetangaza, kwa hiyo na Msumbiji wanajua.

Na Fikirini? Fikirini anakata. Hajawahi kukosa. Majani yakimpita kiuno tu halali, anaona wajukuu wa Telma wanaokota. Atatangulia kumwita Mohamedi au yeyote anayepita, amshuhudie, halafu anaanza juu mpaka chini, usawa ule ule, safi kuliko Elton mwenyewe. Kazi ile, kama ingekuwa ya Luisa, ingempasua mgongo.

Mwaka huu mvua zilipokwisha alipata mafua. Akajifunika shuka, akasema hatoki. Majani yakapita kiuno, yakafika kifuani. Luisa hakugusa hata moja, alitandika mabua makavu na kumsikiliza Meneja akilalamika. Meneja akilalamika anasikika kwa Fikirini.

"Wee," Tabu akamwambia, amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi, kavu, haina maziwa. "Miti yako inataka kuchanua huko."

"Naumwa, Tabu."

"Sawa, ugua. Nitapita kumwambia Mama Telma akate mwenyewe."

Shuka likaruka. Tulimwona anapita na panga, shuka mabegani, anapiga chafya kila hatua, na Tabu nyuma yake na kikombe.

Juzi mtafiti mmoja alipita na gari, akaona mistari ile, akapiga picha, akamuuliza Luisa ameitunzaje vizuri hivyo kwenye udongo ule.

"Sijui," Luisa akasema, anamkamua Meneja. "Miti si yangu. Muulize Fikirini."